Nafasi ya Tatu

Kaseti ya gemu ilikuwa ya kijivu, mgongoni imeandikwa jina
kwa wino mzito: Hatanaka. Hatukumjua.
Mama aliinunua kwenye duka la vitu vikuukuu, Muroran,
theluji ikiwa magotini,
pamoja na birika lisilo na kifuniko.

Ndani yake, nafasi tatu za kuhifadhi safari.
Sisi tulikuwa wawili.
Vita vikaanzia hapo.

Kaka yangu Shigeki alichukua ya kwanza, akachukua na ya tatu.
"Moja ya kuishi," alisema, "moja ya kuogopea."
Kabla ya kila mlango mzito, kila daraja la kamba,
kabla ya kumjibu mfalme ndiyo au la,
alihifadhi huku, akahifadhi na kule,
vidole vikienda kama vya karani wa benki.
Akijibu ndiyo, mfalme akakasirika, anarudi.
Akijibu la, mfalme akalia, anarudi vilevile.
Alimwona mfalme yule akifa vifo sita
na hakuna hata kimoja kilichomkosesha chakula cha jioni.

Mimi nilikuwa na ya pili.
Nilihifadhi juu ya nilichokwisha kuhifadhi,
kama mtu anayeandika barua juu ya barua
mpaka karatasi inatoboka.
Upanga wa urithi niliuuza kwa bei ya dawa tatu za majeraha.
Mganga mdogo, yule wa kofia ya manyoya,
nilimwacha pangoni,
sikujua kwamba kuna kumwacha.
Gemu halikusema kitu. Muziki uliendelea.
Wiki mbili nzima, nikipita karibu na pango lile,
nilipunguza sauti ya televisheni.

"Ungekuwa na mbili," alinicheka Shigeki.
"Mshika mbili moja humponyoka."
"Na mshika moja?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka tisa.

Jioni moja, yeye na baba wakiwa nje na sepetu
wakifukua gari, niliifungua nafasi ya tatu.
Nilimtafuta mganga wangu.
Alikuwepo! Mzima, kofia kichwani,
amesimama pembeni mwa nyumba ya wageni
pale alipowekwa siku ya kwanza,
nguvu zake zilezile za siku ya kwanza,
mfuko wake mtupu.
Hajapata kutolewa hata mlangoni.

Nikamtoa.
Tukazunguka mji mara moja, tukavuka daraja,
tukapigana na popo wawili, akamponya shujaa kidole.
Niliposikia sepetu zikigongwa ukutani
nikazima bila kuhifadhi.

Akiba haiozi, husema watu.
Hawajaiona betri yenye ukubwa wa kifungo cha shati
ikinyauka ndani ya plastiki miaka ishirini na saba.

Shigeki alinipigia simu mwezi wa pili,
ametoka zamu ya usiku kiwandani, sauti imejaa vumbi la chuma.
Ameikuta kaseti kwenye sanduku la viatu vya mama.
Ameipuliza, ameichomeka.
"Zote tatu tupu," alisema. "Yako, na zangu.
Na haishiki kitu tena. Nimejaribu."
Nikangoja anicheke.
"Hivi wewe," akauliza, "mfalme ulimjibu nini?"

"La," nikasema, hapo hapo.
Nakumbuka hata birika lilivyokuwa likitoa mvuke,
hata soksi niliyokuwa nimevaa, moja, nyingine imepotea,
hata jinsi alivyolia, na mimi nikabonyeza kitufe
kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Kimya. Nilidhani simu imekatika.

"Mimi sikumbuki," alisema.
"Nilimjibu yote."

Halafu nikasikia, mbali, nyuma ya pumzi zake,
muziki ule wa mwanzo kabisa,
wa kabla hujaulizwa jina.